Deni la Aljebra: Kwa Nini Masomo ya Fizikia Yamepangwa Namna Hii



Mwezi uliopita mudogo wangu alinitumia picha mbili kwa WhatsApp. Ya kwanza ilikuwa kote zake za semesta ya kwanza, maana yuko L1 fizikia. Ya pili ilikuwa orodha ya masomo ya miaka yote mitatu, ile wanabandika kwa mlango wa fakilte. Kwa orodha ile alikuwa amepitisha mstari mwekundu juu ya somo moja: aljebra lineari. Kisha sauti yake ikafuata: «Yaya, nimepata 7 juu ya 20. Lakini kwa LMD mutu anaweza kupanda na deni. Hii aljebra nataka niiache kwanza, nitailipa kisha. Miye nilijiandikisha mu fizike, hapana mu matematike. Iko ya nini?»

Nilikaa na simu mkononi muda mrefu, juu ile 7 naijua vizuri. Ni kote yangu mimi.

Wakati wangu tulikuwa bado kwa mfumo wa zamani: gradua miaka mitatu, lisansi miaka miwili. Mwisho wa G1 nilipata 7 kwa aljebra. Juri ikatazama jumla. Mekanika nilikuwa na 14, kemia 13, basi aljebra ikafunikwa na zingine, nikapita na satisfaksyo. Nyumbani mama alipika kuku. Hakuna mtu aliyeniambia kwamba ile 7 itanirudia.

Ilinirudia nikiwa G3. Siku moja profesa wa mekanika ya kwanta aliandika matrisi ubaoni, akasema tutafute valeri propri zake, akageuka kufuta upande mwingine wa ubao kama mtu aliyeomba kitu chepesi. Wenzangu wakaanza kuandika. Mimi nilikopi tu kutoka kwa jirani. Nilikopi vile mwaka mzima, na mwisho wa mwaka nikadubla. Mwaka mmoja zaidi wa minervali, wa kodi ya chumba, wa silabusi. Baba alikuwa amepanga kwamba nikimaliza gradua nitafundisha mahali na kumsaidia mudogo wangu mwingine, yule anayenifuata, kuingia chuo. Basi yeye alikaa nyumbani mwaka mzima akiuza yunite za simu kando ya barabara, akiningoja mimi nielewe matrisi.

Kwa hiyo swali la huyu mudogo halikuwa dogo. Nilimjibu tu: «Ngoja, nitakuandikia.» Haya ndiyo niliyomwandikia, nimeyanyoosha kidogo ili yasaidie na wengine walio na orodha kama ile mkononi.

Mpango ulikuja, sababu zake hazikuja

Tuanze na kwetu. Lovanium ilianzishwa mwaka 1954 juu ya mlima Amba, Léopoldville, ikiwa mtoto wa univasite Katoliki ya Louvain kule Ubelgiji. Rekta wake wa kwanza, Luc Gillon, alikuwa padri na tena mtu wa fizikia ya nyuklia. Mwaka 1959 reaktori ya TRICO iliwashwa pale. Nguvu yake ilikuwa ndogo, kilowati 50, lakini ilikuwa reaktori ya kwanza katika Afrika nzima. Na tusisahau kwamba kabla ya hapo urani ya Shinkolobwe, upande wa Likasi, hapa hapa Katanga, ilikuwa imekwisha kwenda Marekani wakati wa vita vya pili vya dunia na kuingia katika kazi ya bomu za kwanza za atomi. Kwa hiyo fizikia haikuingia Congo kama pambo. Ilitutafuta mpaka chini ya udongo wetu, kabla hata hatujapata uhuru.

Hapa Elisabethville univasite ya serikali ilifungua milango mwaka 1956. Katika nyumba hizo masomo yalifuata desturi ya Ubelgiji: kandidatire miaka miwili, kisha lisansi miaka miwili. Mwaka 1971 Mobutu aliunganisha univasite zote kuwa UNAZA, fakilte zikagawanywa kati ya miji mitatu, na ndipo tukapata ile gradua ya miaka mitatu ambayo wengi wetu tumepitia. Mwaka 1981 UNAZA ikakatwa tena: Kinshasa, Lubumbashi, Kisangani. Alafu, tangu mwaka wa masomo 2021-2022, LMD. Na hii LMD nayo ina wazazi wake: ilitokana na tangazo la Bologna la mwaka 1999, ambalo nchi 29 za Ulaya zilitia sahihi.

Tazameni vizuri. Mara tatu kuta za nyumba zimehamishwa: kandidatire, gradua, LMD. Lakini mutu akiingia ndani anakuta vyombo viko karibu pale pale. Mekanika kwanza, kisha umeme na sumaku, kisha mawimbi, kisha kwanta. Wizara inaweza kubadilisha majina ya miaka, lakini huu mfuatano haubadiliki sana, juu haukutengenezwa na wizara. Ulitengenezwa na historia ya fizikia yenyewe.

Shida yetu iko hapo. Sisi tulipokea mpango, hatukupokea sababu zake. Mwalimu wetu aliukuta kwa mwalimu wake, naye aliukuta kwa Mbelgiji, na kila mmoja alisema tu: «Ndivyo iko kwa programu.» Baada ya kudubla nilianza kutafuta sababu mimi mwenyewe, na nikagundua jambo ambalo lilinifariji na kunikasirisha pamoja: karibu kila somo liko pale liko kwa sababu kuna mtu mkubwa wa fizikia aliyeumia kwa kulikosa.

Twende mwaka kwa mwaka.

L1: analizi, mekanika, aljebra, TP

Analizi na mekanika ni mapacha, ndiyo maana tunawakuta kwa semesta moja. Mwaka 1665 tauni ilipofunga univasite ya Cambridge, Newton alirudi kijijini kwao akiwa kijana wa miaka 22. Alitaka kusema mwendo wa kitu kwa nukta moja ya wakati, wala hakukuta hesabu ya kumtosha. Ikabidi aitengeneze. Ile derive unayohesabu kwa analizi asubuhi ndiyo mwendo unaouandika kwa mekanika mchana. Mwanafunzi anayejifunza mekanika kwa kukariri fomula tu, bila analizi, anabeba maji kwa kikapu.

Sasa aljebra lineari, ile ya mstari mwekundu.

Mwezi wa 6 mwaka 1925 Werner Heisenberg, kijana wa miaka 23, alikuwa anaumwa na mafua ya chavua. Akaenda kupumzika kwenye kisiwa cha Helgoland, pasipo na maua mengi. Kule alipata njia mpya ya kuhesabu mambo ya ndani ya atomi. Lakini ndani ya hesabu zake kulikuwa na kitu kilichomsumbua: akizidisha kitu cha kwanza kwa cha pili alipata jibu moja, akigeuza, cha pili kwa cha kwanza, alipata jibu lingine. Alidhani ni kasoro ya nadharia yake. Akarudi Göttingen, akampa Max Born makaratasi.

Born aliyatazama kwa siku kadhaa. Halafu akakumbuka somo la aljebra alilosoma akiwa mwanafunzi kule Breslau, kwa profesa anayeitwa Rosanes. Kumbe zile meza za namba za Heisenberg zilikuwa matrisi! Na matrisi hazijali: A mara B na B mara A si lazima viwe sawa. Kuvaa soksi kisha viatu si sawa na kuvaa viatu kisha soksi. Kile Heisenberg alichokiona kuwa kasoro ndicho kilikuwa moyo wa fizikia mpya. Heisenberg mwenyewe, mtu aliyepewa Nobel ya mwaka 1932 kwa kuumba mekanika ya kwanta, hakujua matrisi ni nini siku alipoigundua hiyo kwanta.

Mudogo wangu, yeye alikuwa na Born karibu. Wewe uko na nani? Hakuna Born anayekungoja kwa koridoo ya fakilte. Ndiyo maana aljebra imewekwa L1. Wanakupa Born wako mapema, miaka miwili kabla ya kumhitaji.

Na TP? Najua. Kuna mahali TP ni za karatasi: vifaa vichache, wanafunzi wengi, umeme unakatika katikati ya kupima, basi asistanti anaandika namba ubaoni na kila mtu anachora grafu. Hata mimi nilifanya TP nyingi namna hiyo. Lakini usizitupe. Mtu ni yule yule, Heisenberg. Mwaka 1923, kule München, alifika mbele ya juri ya udaktari. Kwa nadharia alikuwa hodari ajabu. Lakini Wilhelm Wien, profesa wa fizikia ya maabara, alimuuliza mikroskopi inaweza kutenganisha vitu vidogo mpaka wapi. Hakujua. Akamuuliza betri inafanya kazi namna gani. Hakujua. Wien alitaka kumwangusha kabisa; Sommerfeld, mwalimu wake wa nadharia, alimtetea, akapita kwa kote ya aibu.

Na historia haikuishia pale. Mwaka 1927 Heisenberg alitoa ile kanuni yake maarufu, kwamba huwezi kujua kwa usahihi kamili mahali pa chembe pamoja na mwendo wake. Ili kuieleza alitumia mfano wa mikroskopi. Na Niels Bohr akamwonyesha kwamba amekosea tena mahali pale pale, kwa uwezo wa mikroskopi kutenganisha! Miaka minne ilikuwa imepita, deni lilikuwa bado halijalipwa.

L2: vekta, umeme na sumaku, mekanika analitiki, joto

L2 ndiyo inamaliza watu. Wengi wanasema ni juu ya umeme na sumaku kuwa ngumu. Mimi nasema hapana: ni juu wanaingia bila vekta.

Mwaka 1865 James Clerk Maxwell aliweka nadharia yake ya umeme na sumaku katika milinganyo 20. Ishirini! Hata watu wakubwa wa wakati ule walishindwa kuifuata vizuri. Aliyetusaidia si profesa. Ni Oliver Heaviside, Mwingereza aliyeacha shule akiwa na miaka 16, akafanya kazi ya telegrafu, masikio yake hayasikii vizuri. Alisoma kitabu kikubwa cha Maxwell cha mwaka 1873 bila kukielewa mwanzoni, akarudi kujifunza hesabu peke yake, akarudi tena kwa kitabu. Katika miaka ya 1880 aliandika ile nadharia upya kwa lugha ya vekta, na milinganyo ikabaki 4. Ng'ambo ya bahari, kule Yale, Marekani, Gibbs naye alikuwa anatengeneza lugha hiyo hiyo ya vekta.

Kwa hiyo zile alama za pembetatu iliyopinduliwa kwa silabusi yako si mapambo. Zilitengenezwa ili mtu mmoja aweze kushika umeme wote kwa mkono mmoja. Ukiona kwa programu yako vekta na umeme viko kwa semesta moja, anza vekta mwenyewe wiki tatu au nne mbele. Usingoje mwalimu.

Mekanika analitiki, ile ya Lagrange na Hamilton, wanafunzi wanaiona kama kurudia mekanika ya L1 kwa njia ya kuzungukazunguka. Lagrange mwaka 1788 alitoa kitabu kizima cha mekanika bila mchoro hata mmoja, na watu wakauliza: sasa tumepata nini cha mpya? Jibu lilikuja baada ya miaka zaidi ya mia moja. Mwezi wa 10 mwaka 1925, siku ya Jumapili, Paul Dirac alikuwa anatembea nje ya Cambridge akifikiria ile kuzidisha ya Heisenberg inayokataa kugeuzwa. Ghafla akakumbuka kwamba ndani ya mekanika analitiki aliwahi kuona kitu kinachofanana nayo, mabano ya Poisson. Lakini hakukumbuka vizuri ni nini. Akakimbia nyumbani kutafuta kwa vitabu na daftari zake, hakupata. Maktaba zimefungwa, ni Jumapili. Ikabidi alale na ile hamu mpaka Jumatatu asubuhi, maktaba ifunguliwe. Aliposoma akakuta ndiyo yenyewe, ule ndio mlango kutoka mekanika ya zamani kwenda ya kwanta.

Dirac alipoteza usiku mmoja kwa somo alilolisoma nusu. Mimi nilipoteza mwaka. Hesabu ni hiyo.

Thermodinamika, yaani mambo ya joto, nayo inaonekana kama habari ya injini za zamani. Na ni kweli, Sadi Carnot aliianza mwaka 1824 akifikiria mashine za mvuke. Lakini mlango wa fizikia mpya ulifunguliwa kutoka huko. Max Planck alipotaka kusoma fizikia, profesa mmoja wa München, Philipp von Jolly, alimwambia asijisumbue, karibu kila kitu kimekwisha kugunduliwa. Planck akajibu kwamba hatafuti kugundua, anataka tu kuelewa. Akafanya thesi yake ya mwaka 1879 juu ya joto. Miaka 21 baadaye, mwaka 1900, akitafuta kueleza mwanga unaotoka kwa kitu cha moto, alilazimika kukubali kwamba nguvu inatoka kwa vipande vipande. Na ili kufika pale ilibidi akope njia ya Boltzmann, ile ya kuhesabu atomi kwa takwimu, ambayo kwa miaka mingi hakuipenda.

Ndiyo maana joto liko L2, kisha mekanika ya takwimu inafuata L3. Ni njia ile ile Planck aliyopita, isipokuwa wewe unaipita kwa mwaka mmoja.

L3: kwanta, relativite, na yale unayochagua

Ukifika L3 ukiwa umelipa, kwanta si jini. Ni aljebra ya L1, mekanika analitiki ya L2 na mawimbi, vimewekwa meza moja. Schrödinger mwaka 1926 alianza kutoka kwa Hamilton na mawimbi. Heisenberg na Born walianza kutoka kwa matrisi. Na mwaka ule ule ikaonekana kwamba wote wanasema jambo moja. Mwenye kukosa mguu mmoja anaona jambo nusu.

Relativite ndogo inakuja baada ya umeme na sumaku, na si kwa bahati. Ile makala ya Einstein ya mwaka 1905 inaanza na sumaku na waya: ukisogeza sumaku au ukisogeza waya, mkondo wa umeme unaopata ni ule ule, kwa nini basi tunaeleza kwa njia mbili? Asiyesoma umeme hawezi hata kusikia swali lenyewe.

Na Einstein huyo huyo ni shahidi wangu wa mwisho juu ya madeni. Akiwa mwanafunzi kule Zürich alikuwa anakosa masomo ya matematike, kisha anasoma kwa daftari za rafiki yake Marcel Grossmann ili apite mitihani. Alipita. Lakini mwaka 1912, alipotaka kupanua relativite iingize mvuto, alikuta anahitaji jiometri asiyoijua. Akarudi kwa nani? Kwa Grossmann yule yule, aliyekuwa sasa profesa wa matematike. Wakafanya kazi pamoja, na Einstein akamaliza mwaka 1915. Watu wanapenda kusema «hata Einstein alikuwa anakosa masomo». Ni kweli. Lakini malizieni hadithi: alirudi kuyasoma akiwa mtu mzima, na ilimchukua miaka.

Waliojaribu kupanga tofauti

Mutu anaweza kuuliza: huu mfuatano ni lazima? Hauwezi kupinduliwa? Walijaribu, na nitataja wawili.

Richard Feynman, kule Caltech, Marekani, kati ya 1961 na 1963, alifundisha wanafunzi wa miaka miwili ya kwanza kwa namna mpya. Alianza na atomi siku ya kwanza kabisa, akaingiza kwanta mapema. Vitabu vilivyotoka pale vinasomwa dunia nzima mpaka leo, na ukipata PDF zake, soma. Lakini Feynman mwenyewe, katika maneno ya mwanzo ya vile vitabu, alisema haoni kama aliwafanikisha wanafunzi wengi, akitazama namna walivyojibu mitihani. Chakula kilikuwa kitamu, lakini si wote walikuwa wameota meno.

Lev Landau, kule Umoja wa Kisovieti, alifanya kinyume. Alitengeneza mfululizo wa mitihani wa fizikia ya nadharia, alioanza nao Kharkiv katika miaka ya 1930. Mtu yeyote aliweza kuomba kuufanya. Na mtihani wa kwanza haukuwa fizikia hata kidogo! Ulikuwa matematike: integrali, milinganyo ya derive, vekta. Ukishindwa pale, hakuna kuendelea. Mpaka mwaka 1961 waliomaliza yote walikuwa watu 43 tu.

Mimi sisemi tuwe kama Landau, tutabaki watu wawili kwa oditwari. Ninachosema ni kwamba hawa wawili, waliotofautiana hivyo, wote wanatufundisha jambo moja: mfuatano unaweza kugeuzwa, lakini mahitaji hayafutwi. Ukiweka kwanta mbele, aljebra inakuja nayo, iwe mlangoni au dirishani.

Sasa, namna ya kupanga

Chukua ile orodha ya miaka mitatu. Kila fakilte iko na yake, kwa hiyo usitumie ya rafiki wa mji mwingine. Andika kila somo ndani ya duara. Kisha kutoka kwa kila somo chora mshale kwenda kwa somo linalolihitaji. Analizi kwenda mekanika, mekanika kwenda analitiki, vekta kwenda umeme, umeme kwenda relativite, joto kwenda takwimu. Ukimaliza, hesabu mishale inayotoka kwa kila duara.

Masomo yenye mishale mingi ndiyo usiache hata uwe na homa. Nimefanya na orodha ya mudogo wangu: analizi ilitoa mishale karibu kwenda kila mahali. Na aljebra? Mishale ya kwenda kwa milinganyo ya derive, analitiki, mawimbi, kwanta, na hata fizikia ya vitu vigumu. Kuna masomo mengine pale yalikuwa bila mshale hata mmoja, na sitayataja ili nisigombane na walimu. Kama ni lazima ubaki na deni, libaki huko.

Kisha fanya hesabu ya saa. LMD inasema mwaka ni krediti 60, lisansi ni 180. Katika mfumo wa Ulaya, tulikoichukua, krediti moja ni kazi ya saa 25 mpaka 30, pamoja na ile unayofanya peke yako. Basi mwaka mmoja tayari ni saa 1500, tukihesabu kwa 25. Deni la krediti 4 ni saa 100 zaidi. Utazitoa wapi, mwaka wa L2, ule unaomaliza watu? Na wakati unatafuta zile saa 100, masomo yanayohitaji aljebra hayakungojei, yanaendelea mbele yako.

Hapo ndipo nimeona tofauti ya mfumo wetu na wenu. Sisi juri ilifunika tundu, tukasahau kama liko. Ninyi tundu linabaki wazi kwa karatasi, limeandikwa jina: deni. Kwa upande huo LMD ni ya kweli zaidi. Lakini katika mifumo yote miwili tundu liko pale pale, na atakayetumbukia ni mwanafunzi, si juri.

Nilimtumia mudogo wangu haya yote Jumamosi usiku. Hakujibu mpaka Jumatatu. Kisha akatuma picha: orodha ile ile, mishale kila mahali kama utando wa buibui, na ule mstari mwekundu ameufuta, bado unaonekana kidogo. Chini ameandika: «Yaya, nitaenda sesyo ya pili. Lakini wewe utanifundisha valeri propri.»

Basi tangu wiki iliyopita, kila saa mbili ya jioni, kama umeme uko, tunafungua matrisi pamoja kwa simu. Jana aliniuliza kitu nikashindwa, nikamwambia angoje nitafute. Yule mudogo wetu mwingine, aliyekuwa anauza yunite, sasa amemaliza masomo yake na anafanya kazi, alikuwa amekaa karibu, akacheka: «Kumbe na wewe bado hujalipa?»

Bado kidogo, kamaradi. Lakini mwezi huu nalipa. Na wewe uliye na orodha mkononi, chora mishale yako kabla ya kuchagua deni lako.